Bi Mkaguzi Anakwenda Kununua Sukari

Redio ilipotangaza kwamba serikali imeacha kupanga bei, na kwamba kuanzia Jumatatu kila mfanyabiashara atauza kwa bei anayoitaka mwenyewe, ofisi ya ukaguzi wa bei iligeuka nyumba ya msiba. Mkuu wa ofisi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Karani wa masjala alilia waziwazi, na hakuna aliyemcheka, maana alikuwa na watoto wadogo na nyumba ya kupanga. Bi Mkaguzi naye aliinamisha kichwa kama wenzake. Yeye lakini aliinamisha kwa sababu nyingine kabisa: alichelea wasije wakamwona anatabasamu.

Tusimdhanie vibaya mama wa watu. Hakuwa mvivu, wala hakuichukia serikali. Alikuwa mkaguzi tangu usichana wake, enzi zile ambapo kila kitu cha maana kilikuwa na bei moja iliyopangwa makao makuu: sukari, unga, sabuni, mafuta ya taa, saruji, hata kiberiti. Kila duka lilitakiwa litundike orodha ya bei ukutani, nayo kazi yake ilikuwa kuingia na koti lake la kaki, kuisoma orodha, kupima kilo moja kwenye mizani, kisha kuomba ufunguo wa stoo. Na hakula rushwa. Watu hulisifu sana jambo hili bila kujua linavyochosha. Mkaguzi anayekula rushwa ana marafiki hadi wa kugawa. Asiyekula hunywa chai peke yake.

Mtaa wa maduka ulikuwa na kikohozi chake. Bi Mkaguzi alipokata kona tu, mwenye duka la kwanza alikohoa. Wa pili alisikia, akakohoa. Wa tatu akapokea, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa mtaa, mchana kweupe, wanaume wazima wenye afya njema wakikohoa kama wodi nzima ya kifua. Kufikia hapo, sukari imeshaingia chini ya vitanda, na orodha ya bei imeshapanguswa vumbi. Bi Mkaguzi alijua. Tena zipo siku alizotembea polepole makusudi ili kikohozi kimtangulie, kwa kuwa siku hizo hakuwa na moyo wa kumliza mtu mzima mbele ya watoto wake.

Mambo yenyewe yalikuwa ya kuchekesha kama hukuwa na njaa. Bei ya ukutani ya kilo ya sukari ilikuwa kumi, ila kwa kumi sukari haikuwepo. Kwa mlango wa nyuma ilikuwa ishirini, na huko ilikuwepo. Kwa hiyo watu walisimama foleni mbele wakiisubiri sukari ya kumi, huku wenye nazo wakizunguka nyuma. Lawama zote zilimwangukia mwenye koti la kaki. Akiingia kwa jirani, bakuli la sukari lilifunikwa haraka haraka asije akauliza lilijazwa wapi. Na kusema kweli, angeuliza. Kazi ilikuwa imemwingia mwilini.

Hayo yote ni cha mtoto. Kilichomkaa rohoni ni mdogo wake.

Mdogo wake huyu, wa tumbo moja, ambaye alimbeba mgongoni akimlea, alikuwa na duka katikati ya mtaa ule ule. Mwaka wa ule uhaba mkubwa, dada mtu alifungua stoo ya mdogo wake, haikuwa na kitu. Akaingia chumbani, akainua shuka la kitanda cha watoto, akayakuta magunia yamelala pale yametulia. Lingekuwa duka la mtu mwingine, angeandika ripoti. Kwa hiyo aliandika. Duka likatiwa lakiri, leseni ikachukuliwa, na mdogo wake akakaa mwaka mzima akibeba mizigo ya watu sokoni. Aliporudishiwa duka lake hakumsemesha tena dada yake.

Si kwamba alimfukuza, hapana. Alikuwa na adabu zake. Bi Mkaguzi alikwenda kuwaona watoto, alikaribishwa, aliwekewa kiti. Ila kila neno la mdogo wake lilipitia kwa mkewe. "Mwambie Bi Mkaguzi chai iko tayari." Na watatu hao wameketi meza moja, viwiko vinagusana. Wifi yake, mwanamke mwenye subira isiyo ya kawaida, aligeuka na kusema, "Wifi, anasema chai iko tayari." Bi Mkaguzi akajibu, "Mwambie nashukuru." Miaka ikaenda hivyo. Watoto wa nyumba ile walikua wakidhani kaka na dada wakishakuwa wakubwa huongea kwa mtindo huo.

Ndiyo maana siku ya tangazo lile, wenzake wakiwaza kiinua mgongo, yeye aliwaza jambo moja tu. Kama hakuna bei ya serikali, hakuna Bi Mkaguzi. Na kama hakuna Bi Mkaguzi, huenda mdogo wake akaona kwamba aliyebaki ni dada yake.

Jumamosi na Jumapili majirani walikuja kumpa pole kwa kumwaga unga. Alizipokea kwa sauti ya chini, akijitahidi kuhuzunika kadiri alivyoweza. Wakishatoka alifunga mlango, akashusha pumzi, akacheka peke yake jikoni. Alilikunja koti la kaki akalitia sanduku la chini kabisa. Usingizi aliolala siku hizo mbili ulikuwa wa mtoto mchanga aliyeshiba.

Jumatatu asubuhi alivaa gauni lake la maua, akachukua kikapu, akatoka kwenda dukani kwa mdogo wake kununua kilo moja ya sukari kama binadamu wengine. Njiani alijisemesha atakachosema. "Habari za asubuhi. Naomba sukari kilo moja." Maneno mepesi kabisa, na bado aliyarudia tena na tena.

Alipokata kona, hakuna aliyekohoa. Kwa nukta chache alifurahi mpaka akataka kurukaruka. Kisha akaona kwa nini. Mtaa mzima ulikuwa umefungwa. Milango yote, huku na huku, imekomewa kwa ndani, na barabarani kumejaa umati wenye mifuko mitupu na hasira za kutosha.

Katikati ya umati, juu ya kreti ya soda, alisimama diwani. Huyu alikuwa bwana mnene mwenye sauti nzuri, na kwa miaka yote alikuwa amehutubia juu ya kreti ile ile kwamba bei iliyopangwa ndiyo ngao ya mnyonge. Ijumaa jioni alikuwa amepigiwa simu na chama, akaambiwa kwamba ngao ya mnyonge sasa ni soko huria. Hakuwa bado amelizoea neno.

"Ndugu wananchi," alisema, "hawa wafanyabiashara wamegoma! Serikali imewapa uhuru, wao wanaifungia milango ili iaibike siku ya kwanza! Nasema hivi. Saa sita ikifika hawajafungua, milango inavunjwa, na bidhaa zote zinauzwa hapa hapa barabarani kwa bei ya zamani!"

Umati ulishangilia. Askari waliokuja naye, wakiwa na nyundo na mtaimbo, walitazama saa. Hakuna aliyeona ajabu kwamba siku ya kwanza ya uhuru wa bei ingesherehekewa kwa bei ya zamani na mtaimbo. Bi Mkaguzi aliona, ila alichokiona zaidi ni mlango wa bluu wa mdogo wake. Aliujua umati. Milango ikishavunjwa, hakuna atakayesimama foleni kulipa kumi. Mdogo wake angerudi kubeba mizigo sokoni, na safari hii kwa umri ule asingeinuka.

Mtu alimvuta mkono. Ni wifi yake, kichwa wazi, viatu vya jozi tofauti, ametokea uchochoroni.

"Wifi, njoo. Njoo haraka, watatuvunjia."

"Kwani amegoma kweli?"

"Agome na nani? Amekaa sakafuni nyuma ya kaunta tangu alfajiri, na chaki mkononi. Ameandika bei, amefuta. Ameandika, amefuta. Ananiuliza mimi! Nikamwambia baba watoto, mimi nitajua wapi? Anasema anasubiri jirani aandike kwanza."

"Na jirani?"

"Jirani katoboa tundu mlangoni anachungulia kwetu."

Hapo Bi Mkaguzi akaelewa, na kama si mtaimbo ule angeketi chini acheke. Watu hawa walikuwa wamepangiwa bei maisha yao yote. Walijua kuikwepa, walijua kuificha, walijua kuizunguka kwa mlango wa nyuma, ila kuitunga hawakuwahi kuitunga. Kwao bei ilikuwa kitu kinachotoka makao makuu kwa gari. Na zaidi ya hapo waliogopa. Miaka michache nyuma iliwahi kutangazwa kwamba vitambaa viko huru. Wenye moyo mwepesi wakauza ghali, na mwezi haujaisha wakajikuta mahabusu. Sasa nani awe wa kwanza kusema? Akisema juu, umati utamla. Akisema chini, atakula hasara. Kila mmoja alikaa gizani dukani kwake akimngoja mwenzake ajitoe mhanga.

Alipiga moyo konde, akausukuma umati, akaelekea mlango wa bluu.

"Mkaguzi huyo!" mtu alipiga kelele. Na pale pale, kwa mazoea tu, nyuma ya mlango wa kwanza uliofungwa, mtu akakohoa. Nyuma ya wa pili, akapokea mwingine. Kikohozi kikapita mtaa mzima kutoka duka hadi duka, ndani kwa ndani, na umati ukaangua kicheko.

"Mheshimiwa," Bi Mkaguzi alimwambia diwani alipompita, "umewasikia? Watu wanaogoma hawakohoi."

Aligonga mlango. Wifi alikuwa ameshazunguka kwa nyuma na kuingia ndani. Sauti yake ilisikika ikinong'ona. Kisha ikasikika sauti ya mdogo mtu, nzito na yenye heshima yake.

"Mwambie Bi Mkaguzi duka limefungwa."

"Wifi, anasema duka limefungwa."

"Mwambie mimi si mkaguzi tena. Nimekuja na kikapu. Nataka sukari kilo moja."

Umati ulisogea. Hata diwani alishuka kwenye kreti akatega sikio.

"Mwambie bei haijajulikana."

"Mwambie aijue sasa hivi. Aseme."

Watu wa mbele waliapa baadaye kwamba walisikia chaki ikivunjika. Halafu, taratibu, kama mtu anayeungama mbele ya hakimu:

"Mwambie kumi."

Baadhi ya watu walipiga makofi. Bi Mkaguzi hakupiga. Maskini, alikuwa anamwogopa. Sanduku limefungwa, koti halipo, redio imesema, na bado mdogo wake alikuwa anamtajia bei ya ukutani kwa sababu aliyekuwa mlangoni ni yeye. Alilijua jambo hilo zamani, ila siku ile lilimuuma upya.

"Kumi!" alisema, na sauti yake ikapanda. "Kiwandani wiki hii umechukua kwa ngapi?"

"Baba watoto, anauliza—"

"Mwambie kumi na tatu."

"Sasa wewe ununue kumi na tatu, uuze kumi, watoto watakula nini, hewa? Utauza leo, kesho utafunga, keshokutwa watu hawa watakuwa hapa hapa na mifuko mitupu! Taja bei ya mtu mwenye akili!"

Umati ulikodoa macho. Hawakuwa wamewahi kumwona mkaguzi wa bei akimgombeza muuza duka kwa kuuza rahisi.

"Mwambie… mwambie kumi na nane!"

Watu waliguna. Mtu nyuma alitoa tusi. Askari mmoja aliinua mtaimbo begani. Na Bi Mkaguzi, ambaye hakuwa ameomba kupunguziwa bei tangu alipokuwa msichana kwa kuwa sheria aliyoisimamia haikuwa na nafasi ya kuomba, aliweka kikapu chini, akashika kiuno.

"Kumi na nane? Mwizi mkubwa wewe! Sukari hiyo ina dhahabu ndani? Kumi na nne."

"Kumi na nne?" Mlango ulitikisika, alikuwa amesimama, amekuja mpaka kwenye komeo. "Kumi na nne nalipaje gari lililoileta? Wewe unajua gari ni kiasi gani siku hizi? Kumi na saba!"

"Kumi na nne na nusu, na magunia unabeba mwenyewe, una mabega."

"Mabega yangu unayajua sana wewe!"

"Nayajua, niliyabeba!"

Ni wifi aliyekuwa wa kwanza kutambua. Alibaki amesimama katikati ya duka na mdomo wazi, hana la kupeleka wala la kurudisha, maana tangu pale kwenye kumi na nne hakuna aliyekuwa amemtuma.

"Kumi na tano," alisema mdogo mtu, polepole. "Chini ya hapo siwezi. Kweli siwezi."

"Kumi na tano nanunua," alisema Bi Mkaguzi.

Komeo lilivutwa. Mlango wa bluu ulifunguka, na akatoka mtu mwenye unga wa chaki mpaka kwenye nyusi, akaandika kumi na tano kwenye ubao wa nje. Hakuwa amemaliza kuandika ile tano, mlango wa ng'ambo ukafunguliwa kwa kishindo na Ndevu, yule jirani wa tundu, akatokea mbio bila viatu.

"Kwangu kumi na nne na nusu!" alipiga ukelele. "Njooni kwangu! Kumi na nne na nusu!"

Umati ulipasuka pande mbili. Milango ikaanza kufunguka moja baada ya nyingine, huku na huku, wenye maduka wakipiga kelele za bei kama waliofunguliwa vinywa siku hiyo, na hakuna aliyekumbuka kutazama saa. Diwani aliachwa peke yake na kreti yake. Alifikiri kidogo, akapanda tena, akawatangazia waliokuwa karibu kwamba amefungua maduka.

Ndani, mdogo mtu alipima kilo moja. Aliimimina taratibu, akaongeza kidogo mpaka sahani ya mizani ikainama upande wa mnunuzi, akafunga karatasi, akaisukuma juu ya kaunta. Alipokea pesa, akarudisha chenji. Alimtazama dada yake usoni kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile, kisha akatazama pembeni.

"Asante, mteja," alisema.

Mteja. Hakusema Bi Mkaguzi, wala hakusema lile jina jingine. Bi Mkaguzi alilichukua hilo hilo. Alikwenda nalo nyumbani, akapika chai, akatia sukari vijiko vya kutosha, akanywa na machozi yakimtoka. Alikuwa ameokoa mlango wa bluu, na kwa siku moja ilitosha. Mwili mzima ulikuwa mwepesi, kama aliyetua gunia ambalo alikuwa amesahau kwamba amelibeba.

Sasa msimulizi mwingine angeishia hapo, aseme soko huria likaleta neema na wote wakaishi raha mustarehe. Si kweli, na mimi sipendi uongo wa namna hiyo. Sukari ilijaa madukani, hilo ni kweli, na foleni ikafa, na mlango wa nyuma ukabaki kuwa mlango wa kutupia takataka. Lakini mama mmoja mfua nguo, jirani wa Bi Mkaguzi, ambaye zamani alisimama foleni tangu alfajiri na mara moja moja akabahatika kupata kilo ya kumi, sasa hakuwa na foleni ya kusimama wala kumi na tano ya kutoa. Alianza kununua robo. Kiwanda cha sukari, baada ya kuambiwa kijitegemee, kilipunguza watu nusu, kisha sukari ya nje ikaja kwa malori na bei ikashuka, na kiwanda kikapunguza nusu iliyobaki. Waliofurahia bei na waliolilia kazi mara nyingi walikuwa wa nyumba moja. Maduka mawili madogo ya mwisho wa mtaa yalikufa. Ndevu alivunja ukuta akapanua duka lake.

Diwani ndiye aliyeshangaa kuliko wote. Zamani bei ikipanda, watu walimlaani mkaguzi, na yeye alilaani pamoja nao juu ya kreti. Sasa mkaguzi hayupo, na laana hazikosi pa kwenda. Ulipofika uchaguzi aliulizwa habari za kiwanda, akajibu habari za soko, akaangushwa vibaya sana. Mpinzani wake alishinda kwa kuahidi kuirudisha orodha ya bei ukutani. Mtu huyo mpya hakukawia kufika nyumbani kwa Bi Mkaguzi, na hotuba yake mdomoni.

"Mama, wananchi wanakuamini. Hukula rushwa hata siku moja. Tunakuhitaji urudi, tena safari hii uwe mkuu wa idara."

"Mwanangu," alisema Bi Mkaguzi, akimmiminia chai, "wasimamie wenye mizani za uongo, na wasimamie wenye malori wasikae meza moja kupanga bei gizani. Huko nitakuombea kura. Lakini mimi nimechoka kukoholewa." Akamsogezea bakuli la sukari, likiwa wazi.

Kwa kiinua mgongo chake alikuwa amefungua kibanda cha uzi, vifungo na zipu. Mwezi wa kwanza alikula hasara tupu, kwa sababu kila alipotaka kuongeza faida mkono ulikataa. Alijifunza kidogo kidogo, akicheka mwenyewe. Kwa mdogo wake aliendelea kwenda. Waliongea sasa, bila wifi katikati: habari za mvua, za malori, za bei. "Karibu, mteja." "Asante." Hakuna zaidi. Alijiambia kwamba inatosha, na siku nyingi ilikuwa kweli.

Mpaka siku moja, pesa ikiwa imebana na Ndevu ameandika kwa herufi kubwa kwamba ameshusha bei, Bi Mkaguzi akavuka barabara. Akampita mdogo wake mlangoni macho mbele, akaingia kwa Ndevu, akaomba kilo moja. Ndevu alipima harakaharaka akiongea sana. Bi Mkaguzi aliona kidole gumba kikiegemea ukingo wa sahani. Jicho lake liliona hata kabla hajataka. Mimi ni mnunuzi tu, alijiambia, na mnunuzi ana haki ya kuibiwa kama wengine. Alilipa akatoka, akiwa na amani yake yote.

Mdogo wake alikuwa anamsubiri katikati ya barabara.

"Yaani wewe! Unanipita hivi hivi, unampelekea pesa Ndevu?"

"Kwake rahisi," alisema. "Si biashara huria?"

"Huria, huria! Lete hapa." Alimpokonya mfuko wa karatasi, akaingia nao dukani kwake, akauweka kwenye mizani yake. Akasubiri sahani itulie. Haikutulia alipotaka. Aliongeza jiwe dogo la mizani, akapunguza, akatazama tena. Bi Mkaguzi alisimama mlangoni akiona shingo ya mdogo wake inavyobadilika rangi.

Alichukua mfuko kwa mkono mmoja na kifundo cha mkono wa dada yake kwa mkono mwingine, akavuka naye barabara kwa hatua ndefu, wateja wakiwapisha, mpaka mbele ya kaunta ya Ndevu, akautupa mfuko juu ya kaunta.

"Umempunja dada yangu," alisema, kwa sauti iliyosikika mtaa mzima. "Huyu hapa. Dada yangu. Pima tena mbele yangu."

Ndevu alibabaika, akamtazama Bi Mkaguzi kama mtu anayeomba msaada. Kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa ameshika na kuchunguza mizani ya mtaa ule mara nyingi kuliko mwanamke yule. Yeye alisogea nyuma ya mdogo wake, akashika kikapu chake kwa mikono miwili, akaacha atetewe.